Vifurushi Viwili Miguuni pa Mama

Kuyili alikuwa amekwisha kaa chini mara nne, na foleni ya bure ya hekalu ilikuwa bado haijafika hata banda la pili. Kila alipokaa, watu wa nyuma walimruka kama wanavyoruka ndoo iliyoachwa njiani, na kila mara mama yake, Valarmati, ilimbidi amwinue na kuwaomba wale waliomruka wamrudishie nafasi. Wengine walirudisha. Wengine walijitia hawasikii, wakakazana kuutazama mnara wa lango kana kwamba leo ndiyo mara yao ya kwanza kuuona.

"Huyu mtoto mbona midomo yake hivi?" aliuliza mwanamke mmoja aliyetoka kunyolewa nadhiri, kipara chake kikiwa bado kimepakwa sandali. "Amekula zambarau?"

"Ni moyo," alisema Valarmati.

"Moyo! Katoto kama haka?" Yule mwanamke akashika kidevu kwa huruma. Kisha akasogea mbele hatua mbili, mbali nao, akamvuta na binti yake.

Ilikuwa Ijumaa ya tatu ya mwezi wa Aadi, na Ijumaa za Aadi nusu ya wilaya huhamia kwa Mama Mullai, mungu wa kike wa hekalu lile. Wanawake walikuja na sari za manjano na matita ya mwarobaini, wanaume walikuja vifua wazi, na kila mmoja alikuja na lake: huyu hazai, yule mumewe haachi pombe, mwingine kesi ya shamba imemwingia mwaka wa kumi na moja. Familia ya Tangarasu, baba yake Kuyili, ilikuja na swali moja tu. Kuyili apasuliwe moyo Jumatano, au asipasuliwe?

Daktari wa hospitali kubwa ya mjini hakuwa na swali. Aliwachorea tundu kwenye karatasi, akawaambia kwa lugha nyepesi kwamba damu inapita pasipopasa na kwamba mapafu ya mtoto yanaharibika taratibu. Kadi ya serikali italipa kila kitu, alisema, hata chakula cha mama. Ila iwe mwaka huu. Mwakani mapafu yatakuwa yamekakamaa na hapatakuwa na mpasuaji wa kumgusa. Akawapa Jumatano, akampa na muuguzi, Sista Jesinta, namba yao ya simu.

Lakini katika nyumba ya Tangarasu hakujawahi kufanywa jambo zito bila kuuliza kwa maua. Kisima kilichimbwa kwa maua. Valarmati mwenyewe aliingia nyumba ile kwa maua, maana kabla ya posa kukubaliwa mama mkwe wake alikuja hapa hapa kwa Mama Mullai, akaweka vifurushi viwili, likatoka ua jeupe. Jeupe ni ndiyo. Jekundu ni hapana. Na jambo moja haliulizwi mara mbili mpaka Aadi irudi.

"Mimi sikatai," alikuwa akisema mama mkwe huyo, Pechiyamma, tangu walipopanda basi alfajiri. "Nani kasema nakataa? Nasema tumuulize mwenye mtoto. Mtoto wa Selvi alikwenda kule kwa miguu yake, akarudi kafunikwa shuka. Selvi aliuliza? Hakuuliza. Alijifanya anajua."

"Daktari alisema, Atte, wa Selvi alikuwa na ugonjwa mwingine," alisema Valarmati, akimwita kwa heshima ya mama mkwe.

"Daktari, daktari. Daktari alimzaa?"

Valarmati alinyamaza. Ukiwa mkwe wa Pechiyamma unajifunza kunyamaza mapema, kama mtu anavyojifunza ngazi ya nyumba yake gizani. Na Tangarasu naye alinyamaza, maana Tangarasu alikuwa mtu wa mama yake. Alikuwa mpiga pasi, mwenye mkokoteni wake chini ya ukuta wa stendi, na mkono wake wa kulia ulikuwa umejaa kuliko wa kushoto kwa miaka ya kunyanyua pasi ya makaa. Mkono ule ungeweza kumbeba Kuyili siku nzima. Kutia sahihi kwenye fomu ya hospitali ulikuwa hauwezi, mpaka mama yake aseme.

Kuyili akakaa chini mara ya tano.

"Baba Kuyili," alisema Valarmati, "nenda kamwombe yule mlinzi. Kuna njia ya wazee na wagonjwa, naiona."

Tangarasu akaenda, barua ya hospitali mkononi, mabega yamemshuka. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango mdogo wa chuma.

"Bwana mkubwa, nina mtoto mgonjwa. Hawezi kusimama."

"Cheti cha ulemavu."

"Nina barua ya hospitali."

"Nimekuomba barua? Nimesema cheti." Mlinzi akanyoosha shingo. "Na mtoto mwenyewe si huyo kasimama?"

"Anasimama, kisha anaanguka."

"Wote tunasimama kisha tunaanguka, kaka. Nunua tiketi ya njia ya haraka." Mara akamkazia macho. "Hebu ngoja. Wewe si yule dobi wa stendi? Uliniunguza kola!"

"Nilikuomba radhi, bwana."

"Kola ya sare! Nikasimama gwaride na alama ya pasi shingoni, watu wananicheka." Akamtazama kwa muda, akamtazama na mtoto, na yeye naye, kwa haki, hakuwa na roho ya jiwe, ila alikuwa mtu mwenye madaraka ya mlango mmoja, na madaraka madogo hayo yana njaa kali. "Sikiliza. Nitawapitisha. Lakini sare zangu, za kwangu na za shemeji yangu, utapiga mpaka sikukuu ya taa. Na usiniambie makaa yamepanda bei."

"Nitapiga."

"Na utasema mbele ya hawa watu kwamba uliniunguza kola."

Watu wa foleni walikuwa wamekwisha geuka. Tangarasu alisema. Alisema kwa sauti ndogo, akaambiwa arudie, akarudia, vijana wakacheka. Kisha mlango ukafunguliwa, akamnyanyua binti yake na kumweka begani, akapita bila kumtazama mkewe.

Ndani, msongamano ulikuwa umepungua. Uwanja wa tatu wa hekalu ulikuwa mpana, sakafu ya mawe imekwisha pata moto, na watu walikuwa wakikimbilia kwenye kivuli cha nguzo kwa vidole vya miguu. Upande wa kushoto kulikuwa na ziwa dogo la kunawia, limezungukwa na ngazi za mawe. Upande wa kulia walikaa wauza maua, na katikati yao Rakkamma, mwanamke mkavu mwenye mdomo mwekundu kwa tambuu, ambaye ndiye aliyeuza maua ya kuulizia.

Desturi ya hapo ni kwamba vifurushi hufungwa na mama mzazi. Hakuna mwingine anayevigusa mpaka vifike mbele. Jani la tambuu, ndani yake ua moja la mti wa arali, jekundu au jeupe, kisha uzi wa mgomba. Yasmini haitumiki, kwa kuwa yasmini hunukia na harufu ingetoa siri.

"Fungia hapa," Pechiyamma alimwambia mkwewe. "Sisi tunakwenda kunawa miguu. Tangarasu, nishike mkono, zile ngazi zina utelezi. Mlete na mtoto."

"Atte, si ukae unitazame, usije ukasema nimekosea kufunga?"

"Kwani ni upasuaji? Funga." Na bibi kizee akaondoka, mwanawe mkono mmoja na mjukuu mkono wa pili, wakashuka ngazi za ziwa polepole.

Rakkamma alimtazama Valarmati kuanzia kisigino mpaka shungi. Akatema tambuu pembeni.

"Ni posa au ni shamba?"

"Ni mtoto. Kupasuliwa."

"Yule mwenye midomo ile?" Rakkamma akainama, akaanza kuchagua maua. "Wewe unatakaje?"

"Nataka Mama aseme."

"Hilo nimelisikia. Nimeuliza wewe unatakaje."

Valarmati alitazama ziwani. Mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini, amewapa mgongo wote. Tangarasu alikuwa amechuchumaa akimsugua kisigino.

"Nataka apone," alisema.

"Basi." Rakkamma aliweka maua mawili juu ya jani. Yote mawili yalikuwa meupe. "Funga haraka."

Valarmati alirudisha mkono nyuma kana kwamba ameguswa na kaa la moto.

"Dada! Mbele ya Mama?"

"Mama gani? Yule ndani? Ananifahamu. Mwaka wa ishirini na sita huu namuuzia, hajawahi kulalamika." Rakkamma akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mwanangu, nisikilize. Wanaokuja hapa na jambo la kufa na kupona, wengi wao huondoka na mawili ya rangi moja. Wenye akili hata hawaniambii, wananyoosha tu vidole viwili. Unadhani wale waliopona wote walipata bahati?"

"Mimi siwezi."

"Unaogopa laana? Nipe mimi hiyo laana. Zimenijaa hapa, moja zaidi haitanizidi uzito."

"Siogopi laana."

Na kweli haikuwa laana. Hapa msimcheke Valarmati, maana alikuwa na hesabu yake na haikuwa ya mjinga. Alikuwa amelala macho wazi siku kumi na nne, akimwona mtoto wake juu ya meza chini ya taa, kifua wazi, watu wamefunika nyuso. Alijua siku ya Jumatano atakaa kwenye benchi la ukumbini kwa saa sita, na saa hizo sita atahitaji kitu cha kushika. Angeshika nini? Ua alilolifunga mwenyewe kwa ujanja? Ua la hila lingemtosha mama mkwe, lingemtosha Tangarasu, lakini yeye lingemwacha mikono mitupu. Alitaka jeupe la kweli. Na moyoni, pale ndani kabisa, alikuwa na hakika atalipata. Mama ni mwanamke. Angemnyima vipi mtoto wa miaka saba?

"Nipe moja jekundu," alisema.

Rakkamma alimpa. Hakupokea pesa yake; alizisukuma zile sarafu kwa kidole zikarudi. Valarmati alifunga jeupe kwenye jani moja na jekundu kwenye jingine, akakaza uzi kwa meno, akavizungusha vifurushi ndani ya sinia akiwa amefumba macho mpaka yeye mwenyewe asijue kipi ni kipi. Alifanya haki kuliko hakimu.

Walipopanda kutoka ziwani, Pechiyamma alilitazama sinia, halafu akamtazama mkwewe usoni.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Atte."

"Vizuri," alisema bibi, na uso wake ukakunjuka namna ambayo Valarmati hakuwa ameiona tangu siku ya daktari. "Vizuri sana, mwanangu. Twende."

Chumba cha ndani kilikuwa na joto la taa za mafuta na jasho. Mama Mullai alikaa mwisho wake, jiwe jeusi lililopakwa manjano, macho ya fedha, shada la ndimu likimfika magotini. Watu walisukumana mbele yake kwenye ujia wa vyuma, na wasaidizi wawili waliwavuta mikono, "Songa! Umeona, songa!" Mtu aliyetoka kijijini usiku wa manane alipata muda wa kupiga chafya tu, kisha akatolewa.

Kwa wenye kuuliza, kuhani aliinua kamba, akawaweka kando. Alikuwa mwanamume wa makamo, macho yamemwiva kwa moshi, na alikuwa amesimama tangu saa kumi alfajiri. Alivichukua vifurushi kwenye sinia bila kuvitazama, akavipeleka miguuni pa Mama, akazungusha moto wa kafuri, akavirudisha juu ya bamba la shaba.

"Nani anachukua?"

"Mtoto mwenyewe," alisema Pechiyamma. "Mkono wake ni safi."

Tangarasu alimshusha Kuyili begani. Msichana alitazama vifurushi viwili vilivyofanana. Alikuwa ameelezwa njiani: kimoja kinasema utapasuliwa na utaweza kukimbia mpaka shuleni bila kusimama, kingine kinasema bado. Alinyoosha mkono juu ya cha kulia. Akasita. Akamtazama mama yake, na mama yake akaangalia chini ili asimpe ishara yoyote.

Kuyili akashika cha kushoto.

Kuhani akakata uzi kwa ukucha, akafungua jani.

Lilikuwa jekundu.

Pechiyamma alifungua mdomo, ukabaki wazi. Tangarasu alipumua kwa nguvu, na ndani ya pumzi ile mlikuwa na nafuu, kwa sababu hatatia sahihi tena, na papo hapo akaona aibu kwa nafuu hiyo, akageuza uso.

"Kuna kosa," Valarmati alimwambia kuhani. Alijua hakuna. "Swami, kuna kosa, hakushika vizuri, alikuwa anataka kile kingine, umemwona, mkono wake ulikwenda kile kingine kwanza..."

"Dada, mimi nafungua tu."

"Mwambie achukue tena!"

"Aadi ijayo," alisema kuhani, si kwa ukali. "Mleteni Aadi ijayo." Akafagia majani, maua na kifurushi cha pili kwenye kikapu pamoja na mashada ya jana, na msaidizi akamshika Valarmati mkono juu ya kiwiko. "Songa, mama. Songa. Watu wanangoja."

Nje, kwenye kivuli cha nguzo, Kuyili alimvuta mama yake sari.

"Amma, nilishika kibaya?"

Aliyejibu ni Pechiyamma, kwa sauti iliyokauka. "Hukushika wewe, mjukuu wangu. Mama Mullai ndiye aliyekushika mkono."

Walikula kwenye ukumbi wa chakula cha bure, kwa kuwa mtoto alikuwa na njaa na basi lao lilikuwa bado. Wali wa ukwaju ulimwagwa juu ya majani ya mgomba kwa ndoo na kijiko kirefu. Mgawaji alimwita Tangarasu "dobi" mbele ya watu. Habari za kola zilikuwa zimekwisha fika. Kuyili alikula kidogo, akapumzika, akala tena.

"Twende hivyo hivyo," Valarmati alisema kwa sauti ya chini.

"Wapi?" mumewe aliuliza, ingawa alijua.

"Jumatano. Tumpeleke."

"Umeona kilichotoka."

"Nimeona. Na daktari umemsikia. Mwakani hakuna atakayemgusa, Baba Kuyili. Mwakani."

"Na akifa pale mezani?" Tangarasu aliacha kula. "Niambie. Tumeuliza, tumeambiwa hapana, tumempeleka, amekufa. Mimi nitakuwa nani? Nitasimama wapi na mkokoteni wangu? Kila atakayeniletea nguo atasema huyu ndiye aliyemuua mwanawe akiwa ameshakatazwa."

"Na akifa nyumbani?"

"Akifa nyumbani," alisema Tangarasu, na midomo ikamcheza, "hatutakuwa sisi."

Simu ililia mfukoni mwake. Ilikuwa namba ya hospitali. Aliitazama ikilia, akampa mama yake. Mama yake akaikataa kwa kiganja. Tangarasu akapokea.

"Baba Kuyili? Sista Jesinta hapa. Nathibitisha kitanda cha Jumatano. Mje Jumapili jioni, asile kitu cha barabarani, na kadi msisahau."

"Sista, kuna... nyumbani kuna shughuli."

"Shughuli gani? Baba, wapasuaji wale wanakuja mara moja kwa mwaka. Nina watoto kumi na wanne kwenye karatasi ya akiba. Ukisema hapana nampigia wa kwanza sasa hivi. Nipe mama mtoto."

Tangarasu akampa mkewe simu. Na hapa ndipo mambo yalipogeuka, maana Valarmati alikuwa ameishika ile simu kwa mikono miwili, mumewe amempa mwenyewe, mama mkwe amekaa kimya kama aliyeng'olewa ulimi, na hapakuwa na mtu pale wa kumzuia kusema tunakuja.

"Mama Kuyili? Unanisikia?"

"Nakusikia, sista."

"Mnakuja?"

Alimtazama binti yake akichambua punje za karanga kwenye wali. Alitaka kusema ndiyo. Lakini aliona taa juu ya meza, akaliona na ua jekundu juu ya shaba, ua alilolifunga kwa haki bila hila wala ujanja, na likatoka. Angekuwa amedanganya, asingeliamini. Sasa aliliamini. Ilikuwa kama kumwuliza mtu njia kwa adabu zote, akakuonyesha, kisha ukashika njia nyingine na mtoto mgongoni.

"Mpe mwingine, sista," alisema. Sauti ilikuwa yake mwenyewe.

"Una hakika? Mama, nakuuliza mara ya mwisho."

"Mpe mwingine."

Tangarasu alikwenda kuchukua viatu vyao kwenye banda, na foleni ya viatu nayo ilikuwa ndefu. Wanawake wawili walikaa kwenye ukingo wa jiwe nje ya lango la magharibi, mtoto amelala amejilaza mapajani pa mama yake, kifua kikipanda na kushuka kwa haraka. Pechiyamma alikuwa akifunga na kufungua ncha ya sari yake.

"Yule mwanamke wa maua," alisema hatimaye. "Hakukuambia kitu?"

"Kitu gani?"

"Chochote. Kuhusu maua."

Valarmati aligeuka akamtazama.

"Aliniambia nifunge meupe mawili."

"Na wewe?"

"Nilikataa. Ningewezaje, Atte? Jambo kama lile?"

Bibi kizee alijipiga paji la uso kwa kiganja, mara moja, mara ya pili, na Valarmati akamshika mkono asijipige mara ya tatu.

"Kwa nini?" alisema Pechiyamma. "Kwa nini hukunidanganya? Niliwachukua wote nikawaondoa. Nilikaa kwenye zile ngazi mpaka miguu ikanywea kwa maji, nikamsumbua mwanangu anisugue kisigino kisicho na uchafu, nakupa nafasi tu. Nikakupa mgongo ili nisione. Yule Rakkamma nilimtafuta mwenyewe katikati ya wauza maua wote, kwa sababu namjua. Ulidhani hata maua ya posa yako niliyaacha yajiamulie? Nilikupenda siku nilipokuona, nikanyoosha vidole viwili." Machozi yalikuwa yakimtiririka hajishughulishi nayo. "Nilipouona uso wako nikasema, amefanya. Ana akili huyu. Amefanya."

Valarmati alimwachia mkono. "Ungesema tu ndiyo," alisema. "Nyumbani. Ungesema ndiyo, Baba Kuyili angetia sahihi, tusingekuja huku."

"Ningesemaje? Akifia kule, ndiyo ya nani? Ya mwanamke mzee asiyejua kusoma. Nilitaka iwe ndiyo yake Yeye. Hata mwanangu alitaka hivyo. Hata wewe."

"Hata mimi," alisema Valarmati.

"Piga simu," Pechiyamma alisema ghafla, akamshika bega akamtikisa. "Una simu ya mumeo bado. Mpigie yule sista. Mwambie mimi nimesema. Mwambie bibi yake ndiye aliyesema."

Valarmati akapiga. Ililia muda mrefu. Sista Jesinta alipopokea, nyuma yake zilisikika sauti za watu, na mwanamke mmoja akilia na kucheka kwa pamoja.

"Mama Kuyili, nimeshampa. Alikuwa hapa hapa wodini, mama yake yuko mbele yangu ananishika miguu. Unataka nimwambie nini?"

Valarmati alisikiliza kile kilio cha mwanamke asiyemjua. Alikisikiliza mpaka mwisho wa pumzi yake.

"Usimwambie kitu, sista," alisema, akakata.

Tangarasu alirudi na jozi nne za ndara kifuani. Aliona mama yake analia, mkewe haoni mbele, akauliza kuna nini, kisha akajijibu kwamba wanalilia ua. Aliinama akapanga viatu kimoja kimoja mbele ya miguu yao. Kuyili aliamka, akajinyoosha, midomo yake imeiva kwa ule ubuluu, na akawatazama wakubwa wake mmoja baada ya mwingine kama mtoto aliyevunja chombo.

"Bibi, usilie," alisema. "Mwakani nitashika kile kingine."

"Ndiyo, mjukuu wangu," alisema Pechiyamma, akipapasa mkanda wa kiatu asiouona. "Mwakani utashika kile kingine."